Mwongoza wageni wa Kilimanjaro aliyeugulia Leh: uchambuzi wa kisa

Ratiba tuliiandika Moshi, kwenye mgahawa wa jirani na stendi, na kalamu alishika Mangi. Ilikuwa Mei, masika yanamalizia, mlimani wageni wa kuhesabu. Msimu huo sisi waongoza wageni huwa tunacheza bao, tunadaiana na tunapaka rangi nyumba. Mwaka huo mimi na Mangi tulikuwa na nauli mfukoni na safari ya Ladakh kichwani, kaskazini kabisa mwa India, ambako makao ya watawa wa Kibudha yamekaa juu ya majabali kama viota vya tai. Wenyeji wanayaita gompa, nami nitayaita hivyohivyo.

Mangi si jina lake. Zamani Uchagani mangi alikuwa mtawala. Siku hizi muuza duka ni mangi na dereva ni mangi. Huyu wetu amefika kilele cha Uhuru mara nyingi mno, hesabu aliiacha alipopita mia. Wa tatu alikuwa Shangazi, dada wa baba yangu, muuguzi mstaafu wa Tanga, miaka 61, hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za wodini. Safari ilikuwa yake. Kwenye zahanati ya Mhindi mmoja aliyemfanyia kazi miaka mingi palitundikwa kalenda yenye picha ya gompa ya Thiksey. Mwaka uliisha, kalenda nyingine zikaja, ile picha haikubanduliwa. Alipopata kiinua mgongo akasema anataka kuiona kwa macho yake. Mimi na Mangi tukajipachika na jambo letu la pembeni: kutembea bonde la Markha mpaka Kongmaru La, karibu mita 5,200. "La" kwa lugha ya huko ni pito la mlimani.

Leh ndio mji mkubwa wa Ladakh, na ratiba ilisema hivi, kwa mwandiko wa Mangi. Siku ya 1, kutua Leh na kupumzika, jioni kuona gompa za mjini. Siku ya 2, kupumzika, Thiksey na Hemis. Siku ya 3, kupumzika. Siku ya 4, gari mpaka Chilling, kuanza kutembea. Karatasi hiyo ninayo bado. Neno "kupumzika" limo mara tatu, na humo ndimo kisa chote kilimo.

Tulitua saa moja na nusu asubuhi. Kutoka Delhi ni saa moja na robo hivi angani. Delhi iko mita mia mbili na kidogo juu ya usawa wa bahari, mji wa Leh uko 3,500. Mtu anapanda zaidi ya mita 3,000 akiwa amekaa kitini anamenya karanga. Kwenye kimo hicho shinikizo la hewa ni kama theluthi mbili tu ya lile la Tanga, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Ndani ya ndege tulitangaziwa tupumzike kabla ya kufanya lolote. Mama mwenye nyumba ya wageni alitupokea kwa "julley", neno lao la kila kazi, ndiyo salamu, ndiyo asante, ndiyo kwaheri, akatupa chai, akanyoosha kidole kwenye vitanda na kusema kwa Kiingereza cha kukatakata: leo lala, kesho lala.

Shangazi alilala. Sisi wawili tulilala kwa saa tatu. Nilipoamka nikamkuta Mangi amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu.

"Kichwa vipi?" nikamuuliza.

"Kichwa cha nani? Hapa ni Horombo tu, bwana."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Horombo, kituo cha pili cha njia ya Marangu, kiko mita 3,720, juu ya Leh. Mangi amelala Horombo usiku mwingi kuliko aliolala kwa mama yake tangu aanze kazi. Tukatoka. Tulipanda kwa miguu mpaka jumba la kifalme lililojengwa karne ya 17, ghorofa tisa za udongo na mawe, kisha juu zaidi mpaka Namgyal Tsemo, gompa ndogo iliyoshikilia ukingo wa kilima kwa kucha. Mimi nikarudi. Mangi akaunganisha moja kwa moja mpaka Shanti Stupa upande wa pili wa mji, ile kuba nyeupe iliyojengwa na Wabudha wa Kijapani, ambayo ngazi zake zinapita 500. Alirudi jua limezama, anacheka, ana njaa.

Naomba msomaji aangalie saa. Ugonjwa wa mwinuko haumpokei mtu uwanja wa ndege. Kwa kawaida maumivu ya kichwa na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika, na mapafu kujaa maji, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, huja usiku wa pili au wa tatu, wakati mwingine wa nne. Saa za kwanza mwili unaishi kwa akiba na mtu anajiona shujaa. Mangi alizitumia saa hizo kama mshahara wa ziada.

Siku ya pili tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Thiksey, kilomita 19 hivi kutoka Leh. Gari linaweza kukufikisha karibu na lango la juu. Shangazi akapelekwa na gari. Mangi akashuka barabarani akasema anapanda kutoka chini, gompa haiingiwi na gari.

Katika hilo peke yake siwezi kusema alikosea. Thiksey ukiitazama kutoka chini ni mji mzima ulioinamishwa kwenye kilima, ghorofa juu ya ghorofa, vijumba vya watawa vyeupe chini na jengo jekundu na la manjano juu. Watawa wawili walipanda kwenye paa na kuita sala. Wana baragumu la shaba refu kuliko siwa, linapumzishwa mdomo wake ukutani maana halibebeki, na mlio wake unasikika tumboni kabla ya masikioni. Ndani, kwenye ukumbi wa sala, watoto watawa wa miaka minane au tisa walikuwa wakizunguka na mabirika ya chai ya siagi na chumvi, wanakimbia pekupeku juu ya mbao, mmoja akateleza, mwingine akaangua kicheko katikati ya sala, na mtawa mzee hakuinua hata jicho. Shangazi alikunywa ile chai, akanong'ona kuwa hiyo si chai, ni supu, na ukishajua ni supu inanyweka. Kisha tukampeleka kwenye chumba cha Maitreya, Budha ajaye kwa imani yao, sanamu ya karibu mita 15 iliyotengenezwa baada ya Dalai Lama kuzuru Thiksey mwaka 1970. Unaingilia ghorofa ya juu, kwa hiyo unakutana na uso kwanza. Mwili wote uko chini yako. Shangazi alisimama pale kwa muda mrefu sana. "Kwenye kalenda haikuonekana," alisema. Picha ilikuwa ya nje.

Mangi alikuwa ameegemea nguzo ya mlangoni. Nilidhani ni adabu.

Mchana tulikuwa Hemis, gompa kubwa kuliko zote za Ladakh, iliyojificha kwenye korongo hivi kwamba huioni mpaka umeifikia. Juu yake, mwendo wa saa moja hivi kwa mtu mwenye pumzi zake, kuna Gotsang, mahali pa watawa wa kujitenga penye pango, karibu mita 4,000. Shangazi akabaki uani Hemis anatazama michoro. Mimi nilifika nusu ya njia nikakaa. Mangi alifika juu na kushuka, na aliposhuka alikuwa anakohoa.

Kikohozi kikavu, cha mtu aliyevuta vumbi. Na Leh ina vumbi kweli: ni jangwa la juu, midomo inapasuka, pua inatoa damu. Delhi tulikuwa tumelala kwenye chumba chenye kiyoyozi cha kugandisha. Sababu za kukohoa zilikuwa mbili, tatu, zote nzuri. Usiku huo alikohoa mpaka alfajiri. Siku ya tatu, ya kupumzika kweli, alishinda kitandani na kusema ni mafua ya Delhi. Hakula mchana. Kila nilipomuuliza kichwa kikoje alijibu hakiumi, na hakudanganya. Kichwa hakikumuuma hata kidogo, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hapo niseme jambo la kazi yetu. Kilimanjaro kila jioni, mgonjwa asiye mgonjwa, tunawapanga wageni kwenye hema la chakula na kuwauliza: kichwa? kutapika? chakula kinapita? usingizi? Tunawabana kidole kwa oksimita, kidude kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, tunaandika oksijeni na mapigo ya moyo. Utaratibu huo umeokoa watu wengi. Lakini maswali yenyewe yamejengwa juu ya kichwa. Katika vipimo vya kawaida vya ugonjwa wa mwinuko, asiyeumwa kichwa hahesabiwi kuwa anao. Mapafu kujaa maji hayafuati mlango huo. Yanaweza kumjia mtu ambaye kichwa chake ni kizima kabisa, na dalili yake ya kwanza haina makelele: nguvu zinapungua ghafla, mtu aliyekuwa mbele anakuwa wa nyuma, akipanda ngazi kumi anasimama, kikohozi kikavu, kisha anahema hata akiwa amekaa. Mangi alipita mtihani wetu wote kwa alama za juu, na alikuwa anazama.

Tena oksimita ilikuwa kwenye begi lake. Katika miaka yote ile aliibana kwenye vidole vya wageni. Chake hakijawahi kuingia humo. Na changu pia, nikiri.

Saa nane usiku wa tatu aliyeamka ni Shangazi. Alikuwa chumba cha pili na ukuta ni wa udongo mnene, lakini muuguzi wa zamu ya usiku hastaafu masikio. Alipoingia, Mangi alikuwa amekaa kitandani ameinama mbele, mito miwili mgongoni, viganja juu ya magoti.

"Mwanangu, mbona hulali?"

"Nikilala chali napaliwa, Shangazi. Shikamoo."

Kwa hiyo adabu alikuwa nayo bado, ila alisema kwa awamu mbili, katikati akavuta hewa. Shangazi hakujibu salamu. Alimvua fulana, akaweka sikio lake moja kwa moja kwenye mgongo, chini ya bega la kulia, akasikiliza, akahamia kushoto. Kisha akaniita, akashika nywele zangu chache za karibu na sikio akazisugua kwa vidole viwili. "Sikia hiyo," akasema. "Ndiyo sauti iliyomo kifuani mwake." Ulikuwa mlio mdogo wa kuchakacha, kama karatasi ya pipi inayokunjuliwa msikitini. Tukaitoa oksimita. Mimi 87, Shangazi 89, kawaida kwa Leh siku ya tatu. Mangi 64, mapigo 124, mtu amekaa tu. Kucha zilikuwa na rangi ya zambarau.

Na ndipo Mangi akatoa hoja ambayo ningependa kila mwongoza wageni aitafakari. Alisema tusihangaike, kesho tunaenda Chilling, na Chilling iko chini ya Leh, karibu mita 3,200. Kushuka ndiyo dawa, si ndivyo tunavyofundishwa?

Ndivyo. Na kwa Kilimanjaro ni kweli tupu. Mgeni akizidiwa kituo cha Kibo, karibu mita 4,700, tunamweka kwenye machela na ndani ya saa chache yuko Horombo, mita 1,000 chini, na kukicha yuko langoni. Mlima wetu umesimama peke yake, kila upande ni mteremko. Ladakh haiko hivyo. Leh iko kwenye bonde, na bonde lenyewe limezungukwa na mapito. Ukishika barabara ya Manali unapanda kwanza Taglang La, zaidi ya mita 5,300. Ukishika ya Srinagar unafuata mto Indus na kushuka kidogo mpaka Khaltse, karibu mita 3,000, kilomita mia hivi, halafu unapanda tena Fotu La, mita 4,108. Mteremko wa kweli ni ndege tu, na ndege za Leh zinaruka asubuhi kabla upepo wa mchana haujaamka. Saa nane usiku, Leh, hakuna chini pa kwenda. Chilling zingekuwa mita 300 za kushuka, na kila mita ya barabara ile ingekuwa inatutenga na hospitali. Tungemfikisha mahali pa chini zaidi bila mtungi wa oksijeni.

Simu zetu hazikufanya kazi. Laini tulizonunua Delhi ni za kulipia kabla, na laini za namna hiyo za nje ya eneo hazishiki mtandao Ladakh. Hilo tungelijua mapema kama tungeuliza. Mama mwenye nyumba ndiye aliyempigia jirani mwenye teksi, na kabla hatujamaliza kumvika Mangi koti gari lilikuwa getini.

Hospitali ilimpokea kama inavyopokea malaria Muheza: bila mshangao. Kila kiangazi wanapokea watu wa namna yake walioshuka kwenye ndege. Daktari kijana alisikiliza kifua, akaangalia picha ya eksirei yenye mawingu meupe pande zote mbili, akamuunganishia oksijeni, akampa nifedipini. Kulipokucha alikuwa na 91 akiwa na barakoa, na alikuwa ameuliza uji.

Kwa nini oksijeni inatibu haraka hivyo? Mapafu yakikosa oksijeni, mishipa yake midogo hujibana. Kwa watu wengine hujibana sana tena bila mpangilio, hapa imefungwa, pale iko wazi, damu yote inasukumwa kwenye ile iliyobaki wazi, presha inapanda na maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa. Ukirudisha oksijeni mishipa inalegea na uvujaji unakoma. Nifedipini nayo inaishusha presha hiyohiyo. Baridi inaibana mishipa zaidi, na kazi nzito ndiyo mbaya kuliko yote, maana moyo unasukuma damu nyingi kwenye mabomba yaliyofinywa. Sasa zihesabu ngazi za Mangi: Tsemo, Shanti Stupa, Thiksey kutoka chini, Gotsang. Siku mbili za "kupumzika".

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kisa hiki ni cha mtu mkaidi. Ukaidi ulikuwepo, sikatai. Lakini ratiba ile hakuibuni yeye. Ukitazama ratiba zinazouzwa za Ladakh utakuta nyingi zinafanana: siku ya pili, "kuzoea mwinuko", na chini yake gompa tatu. Aliyeandika anafikiria gari. Anasahau kwamba gompa zilijengwa juu makusudi, kwa ulinzi na kwa utulivu, na kwamba mlango wa gari ukishafunguliwa mgeni anapanda ngazi kama mpagazi. Ukumbi wa sala uko juu, chumba cha miungu walinzi wa dini kiko nyuma yake, paa lenye mandhari liko juu zaidi, na nani atafika Thiksey asifike kwenye paa? Gompa ni mazoezi. Ziandikwe hivyo, zipangwe kuanzia siku ya tatu, moja kwa siku, na gari lifike mpaka lango la juu hata kama mtu ana aibu.

Jambo la pili ni Kilimanjaro yenyewe, na hapa najua nitawaudhi wenzangu. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze kimo cha kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku wa pili. Sasa tazama Marangu. Mandara 2,720. Horombo 3,720. Kibo karibu 4,700. Tunaruka mita 1,000 kwa usiku, mara mbili mfululizo, halafu usiku wa manane tunakwenda 5,895. Tunafanikiwa kwa nini? Kwa sababu siku hiyohiyo ya kilele tunalala Horombo, na kesho yake tuko nyumbani. Tunaushinda ugonjwa kwa mbio. Unapoanza kukusanya nguvu sisi tumeshateremka. Himalaya mtu halali juu usiku mmoja akakimbia, anaishi huko wiki mbili. Mazoea aliyoyaleta Mangi yalikuwa mazoea ya mlima wa kukimbiwa.

Wala vilele vyake zaidi ya mia havikuwa kinga. Alikuwa amepanda mara ya mwisho mwezi wa tatu, na sisi tulitua Leh mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mwili unaporudi chini unasahau mwinuko ndani ya wiki chache. Siku ile uwanjani damu ya Mangi haikutofautiana sana na ya Shangazi, ila Shangazi alilijua hilo na akalala.

Je, dawa ya Diamox ingesaidia? Ingemsaidia mtu kuzoea haraka. Kipimo cha kujikinga ambacho hutolewa mara nyingi ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na daktari aulizwe kwanza hasa kwa wenye mzio wa dawa za salfa. Sisi tulikuwa nayo. Ilikuwa begi moja na oksimita.

Njia bora zaidi, ambayo tuliigundua tukiwa na muda wa kutazama ramani kwenye viti vya hospitali, ni ya barabara kutoka Srinagar, karibu kilomita 420. Srinagar iko chini ya mita 1,600. Unalala Kargil, karibu 2,700. Unavuka Fotu La mchana na kuteremka kulala Alchi, karibu 3,100, na ndipo unaingia Leh. Kupita juu kwa nusu saa si sawa na kulala juu. Kinachohesabiwa ni mto wa kulalia. Na gompa zenyewe ziko njiani: Lamayuru juu ya miamba ya udongo iliyoliwa na upepo mpaka ikafanana na mwezi, kisha Alchi, ambayo ni kinyume cha gompa nyingi kwa sababu iko bondeni tambarare, haina ngazi za kukuua, na kuta zake zina michoro ya zamani sana iliyochorwa kwa mtindo wa Kashmir. Usalama wa upande wa Kashmir hubadilika, mtu aulizie kabla. Barabara ya Manali nayo ni nzuri machoni, lakini wengi hulala Sarchu, karibu mita 4,300, usiku wa kwanza au wa pili, na huko ni kurudia kosa letu kwa gari.

Mangi alikaa hospitali usiku wa pili, akatoka akitembea, na asubuhi iliyofuata akapanda ndege kwenda Delhi, ambako kijana wa Kitanzania anayesoma huko alimpokea uwanjani. Aliniandikia kwamba alipotoka nje ya jengo joto lilimpiga kama mlango wa tanuri na akavuta pumzi mpaka mwisho kwa mara ya kwanza baada ya siku tano.

Sisi wawili tulibaki. Shangazi alikwenda Alchi na Lamayuru kwa gari, siku tatu, bila haraka. Mimi nilitembea Markha na mwongozaji wa Kiladakhi, na sehemu moja tu niliibadilisha. Kati ya kijiji cha Hankar, karibu mita 4,000, na malisho ya Nimaling, karibu 4,800, wengi wanakwenda kwa siku moja. Mita 800 za kulala! Nikaomba tulale katikati, Thachungtse, kando ya kijito. Mwenzangu hakuuliza sababu. Kule nyumba za wageni ni nyumba za watu, mama mwenye nyumba anakukaribisha jikoni penye jiko la bati na rafu za masufuria ya shaba yaliyong'arishwa, na kila jioni niliibana oksimita kidoleni mbele yao, wakacheka, wakataka kupimwa wote. Bibi wa Markha alikuwa na 93. Juu ya Kongmaru La mwenzangu alipaza sauti, "Ki ki so so, lhargyalo!", ushindi kwa miungu, kama wafanyavyo kwenye kila pito, na mimi nilikaa chini ya bendera za sala nikala biskuti za Mangi.

Kuna jambo ambalo halijaisha. Aliyewahi kuupata ugonjwa huu wa mapafu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuupata tena akipanda haraka, na Mangi mlima ndio shamba lake. Mpaka leo anapenda kusema yalikuwa mafua ya Delhi. Inawezekana mafua yalichangia. Maambukizi ya kifua humrahisishia maji njia. Lakini naelewa pia kwamba mafua hayamfukuzi mtu kazi. Aliporudi alimwona daktari wa moyo, akapigwa picha, akaruhusiwa kwa masharti. Njia za siku tano hazichukui tena. Anapanda Lemosho ya siku nane, ana nifedipini yake mfuko wa kifuani, na jioni, kwenye hema la chakula, kabla oksimita haijaanza kuzunguka mezani, huweka kidole chake kwanza. Wageni hudhani anawaonyesha jinsi ya kuitumia.